Fundo Chini ya Kidole Gumba

Kabula mwanangu,

Kati ya Dodoma na Kigoma hajazaliwa mtu mwenye kichwa kama cha baba yako. Wale Wazungu waliopita hapa zamani na misafara yao, kama wangenikuta mimi, wasingehangaika kubebesha watu masanduku ya vitabu. Wangenibeba mimi kwenye machela, nikiwasomea kila kitu kutoka kichwani huku nalamba asali. Kidato cha pili sikuishia kwa kushindwa. Walimu waliishiwa. Mama yako anasema niliishia pale kwa sababu ya baiskeli na uzururaji. Mama yako ana wivu.

Naandika nikiwa nimekaa ndani ya bajaji hapa uani, karatasi nimeiweka juu ya ubao wa kukatia mboga, na mwenye ubao ameshaudai. Wewe umekwenda kuagana na wanakwaya wenzako. Kutoka hapa nawasikia mnavyoimba, na sauti ya pili leo imelegea, kwa hiyo najua unalia na hutaki waone. Kesho treni ya Kigoma inakuchukua. Begi lako lipo mlangoni limefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani, na juu yake umebandika karatasi yenye jina lako na namba ya simu, na kila saba umeipiga mstari katikati, saba zote zimevaa mshipi kama askari wa zamu. Nimeitazama hiyo karatasi mpaka nikaja kukaa huku.

Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Hayo mama yako ameyasema mpaka kuku wa hapa nyumbani wameyashika. Habari za wavulana pia nazipita, maana mimi nilikuwa mvulana, na bibi yako kule Ipole hadi leo anasubiri maelezo. Nina jambo moja tu, na nimeapa nitalifikia kabla karatasi haijaisha. Ni habari ya mwaka ule uliokaa nyumbani wenzako wakiwa chuoni, mwaka ambao kila mtu akikuuliza unasema uliupoteza mwenyewe kwa kukosea namba. Nitalifikia. Mimi dereva wa Tabora, hata nikizungukia Isevya kushusha mtu, stesheni nafika.

Nianze na simu, kwa sababu ndiyo tuliyogombania wiki nzima.

Nilipokuletea ile simu, hata hujaitoa karatasi ya kiooni, niliichukua nikaweka kidude kimoja chini kulia, pale kidole gumba kinapoangukia chenyewe. Ukikigusa mara moja, unafunguka ukurasa mtupu wa kuandika. Hakuna kuzunguka kutafuta programu, hakuna kupitia kwenye picha za harusi za watu na video za watu wanaocheza. Unagusa, unaandika neno, unarudisha simu mfukoni, maisha yanaendelea. Kesho yake nikakuta umekitoa na mahali pake umeweka cha kurembesha picha. Nikakirudisha. Ukakitoa. Nikakirudisha ukiwa unaoga, ukaniambia mbele ya mama yako, "Baba, unaiharibia simu yangu sura." Nikakujibu kwamba sura ya simu huenda ikaharibika, lakini sura yako ni ya kwangu, hiyo haiharibiki hata uihangaikie vipi. Ukacheka. Halafu ukakitoa tena.

Ubishi umenirithi, sikulaumu. Lakini uliniuliza kitu ambacho sikukijibu. Uliuliza ni kwa nini nang'ang'ania kidude kidogo hivyo, mimi niliyezunguka mji huu miaka na miaka nikiwa nimeandika nyuma ya bajaji, kwa herufi kubwa nyekundu, KICHWA HAKIISHI CHAJI. Nilikujibu ovyo, nikasema ni mambo ya kisasa. Barua hii ndiyo jibu lenyewe.

Kidude kile wenye simu wanakiita njia ya mkato. Mimi nakiita fundo, na jina hilo nimelichukua kwa bibi yako.

Unamjua bibi yako anavyotembea, kanga moja kiunoni, moja mabegani. Mtu akikutana naye njiani akitoka kwenye mizinga, akimwambia jambo, bibi yako hasemi atakumbuka. Anashika pindo la kanga na kupiga fundo hapo hapo, mwenye maneno akiwa bado anaongea. Jioni kabla ya kugusa ugali anakaa mlangoni na kuyafungua moja baada ya jingine, na kila moja analitaja: hili ni la dawa ya mtoto wa jirani, hili ni la mzinga uliopasuka, hili ni la Masanja aliyelamba asali ya watu. Masanja huyo ni mimi. Siku moja, nikiwa bado mtoto wa maswali mengi, nilimuuliza fundo linajuaje lenyewe ni la nini, ilhali mafundo yote yanafanana. Akaniambia fundo halijui kitu. Kazi ya fundo ni kukizuia kidole kisipite. Kidole kikisimama, kichwa nacho kitasimama.

Yeye alifundishwa na bibi yake, na huyo alikuwa na mume mpagazi. Wapagazi walikuwa wakitoka huku kwa miguu mpaka pwani, begani pembe za ndovu, kiunoni kamba. Kila aliyebaki nyumbani akimwagiza kitu, huyu kaniki, huyu shanga, huyu chumvi, mpagazi anapiga fundo kwenye kamba. Anakwenda na mafundo ya watu mpaka baharini, na akirudi anayafungua mlangoni kwa kila mmoja. Bibi yako husema mpagazi aliyerudi bila mzigo alisamehewa, njia ilikuwa na mambo mengi. Aliyerudi na fundo lisilofunguliwa hakupokelewa kwa vigelegele.

Mimi nikayasikia hayo yote nikaona ni habari za watu ambao hawakubahatika kuwa na kichwa changu.

Nikaja mjini na baiskeli. Nikabeba abiria kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki, kisha ikaja hii bajaji. Maagizo yote yalikaa kichwani. Nilijua nani anachukuliwa wapi, mtoto wa nani anatolewa shule gani, mama gani anataka mkaa wa gunia na nani anataka wa debe. Kijiweni wakanibatiza Kompyuta. Wageni walikuwa wakija kunijaribu, wananipa majina ya watu na mitaa, nayarudisha kama kasuku, wanalipa soda. Nilikunywa soda nyingi sana za watu, Kabula. Kama meno yangu yana matundu, ni matundu ya heshima.

Makosa madogo yalikuwepo, sikatai. Unamkumbuka yule bibi harusi wa Kiloleni. Alinipanga nimchukue saluni nimpeleke kanisani, bajaji imepambwa maua, na maua nilipamba. Njiani nikakutana na mzee mwenye beberu anayetaka kufika Isikizya, nauli nono, nikasema namuwahisha huyu narudi. Nilikuja kumkumbuka bibi harusi beberu akiwa ameshakula maua ya upande wa kushoto. Yule binti wa watu alifika kanisani kwa bodaboda, shela inapepea nyuma kama bendera ya chama, na mchungaji amesimama mlangoni hajui acheke au aombe. Hata hivyo ndoa yao imedumu. Kijiweni nilisema ni kwa sababu yangu, kwamba niliwapa jaribu la kwanza wakalishinda pamoja. Watu wakacheka, soda ikaja. Hilo ndilo lilikuwa tatizo langu, kila nilichosahau niligeuza kichekesho, na kichekesho kikanunuliwa. Mtu akilipwa kwa kusahau, ataacha vipi?

Fundo la simu nilifundishwa na Shomari wa steshenari. Wewe unamjua kwa upole wake, kwako ni babu wa peremende. Kwangu ni Mzaramo, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo yao na kulala uani kwa babu zake. Kwa hiyo hajawahi kunisalimia kwa adabu. Nikipita anapaza sauti akiuliza pembe za ndovu za babu yake zimefika wapi, na mimi namuuliza kama leo amekumbuka kuvaa viatu au bado anadhani yupo ufukweni. Akifiwa mimi ndiye nitakayelala kwenye jeneza nikidai nichukuliwe mimi kwanza. Ndivyo ulivyo utani. Na kanuni yake unaijua, neno la mtani halibebwi kwenda nalo nyumbani. Analirusha, unalirusha, linaanguka barabarani, mnaliacha hapo.

Siku aliyonifundisha fundo hakunitania hata neno moja. Alinikalisha kwenye kile kibenchi chake, akachukua simu yangu, akabonyeza mahali patupu kwenye kioo na kushikilia mpaka kioo kikatetemeka, akachagua, akaburuta, akaweka. Akanirudishia. Alifanya kama mtu anayemfunga mwenzake bandeji. Kwa nini hakunitania nitakuambia, usiwe na haraka, hata treni ya kesho haitakuwa nayo.

Nikajifunza kwa kuumia, kama kawaida yangu. Nilivyoona fundo moja linafaa, nikasema mtu wa hadhi yangu hawezi kuwa na moja. Nikaweka la kuandika, la kurekodi sauti, la kamera, la kumpigia mama yako, la kengele, la hali ya hewa, mimi ninayeijua mvua kwa goti. Kioo kikajaa kama duka la Mwarabu siku ya sikukuu. Abiria ananiagiza, mimi nachagua fundo, nikishalipata yeye ameshashuka na neno lake limeshatoka sikio la pili. Nikayatoa yote nikaacha moja. Pindo la kanga lina ncha, na ncha ni moja mkononi. Ukiweka mengi, kidole kitapita.

Halafu nikajaribu kusema badala ya kuandika, maana mikono iko kwenye usukani. Unagusa, unaongea, simu inaandika yenyewe. Ni kitu kizuri, lakini simu haikulelewa na Wanyamwezi. Bibi yako alipiga akitaka nimpelekee mizinga ya nyuki, nikaiambia simu kwa sauti yangu nzuri, "Peleka mizinga Ipole." Jioni nafungua mafundo nakuta imeandika "Peleka muziki pole." Nilikaa nayo kijiweni nikiitazama, wenzangu wakadhani nimefiwa, wakaanza kuchanga. Muziki wa pole! Nilidhani kuna msiba unataka spika. Mpaka bibi yako alipopiga tena akiuliza kama nyuki wake walale kwa mtoto gani wa watu, ndipo nikaelewa. Kwa hiyo ukiiambia simu, iambie polepole, anza na kazi, kisha mtu. Mpigie nani, mpelekee nani. Jina la mtu likiwepo, hata simu ikivuruga mengine utamuuliza mwenyewe.

Na jingine ni hili, ambalo wenye simu hawalisemi. Kupiga fundo si kufanya kazi. Mwezi mzima nilijiona mtu mpya, kila neno naliandika, kioo kinameta, moyo umetulia. Ukurasa ukafika mahali nikawa nauteremsha kwa kidole kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani. Mama yako akaniuliza kama mafuta ya taa yake yapo humo, nikasema yapo, akasema basi awashe simu. Sikuhitaji aseme mara ya pili. Sasa kila jioni kabla ya ugali nakaa mlangoni kama mama yangu, nafungua moja baada ya jingine, lililofanyika nalifuta, lisilofanyika naliuliza lini, lisilofaa nalitupa. Umenicheka ukisema nasali. Sijakukatalia.

Huko unakokwenda kusomea kutibu watu utaambiwa mambo kwenye korido, ukiwa na sinia mkononi, ukiwa unakimbia. Mwalimu atasema jambo akiwa anaondoka. Mgonjwa atakuambia kitu ukiwa unamfungia mlango. Atakayekuambia la maana kabisa hatasubiri ukae. Mtu mwenye kichwa kizuri ndiye aliye hatarini kuliko wote, Kabula, na wewe kichwa chako ni kizuri, ninakijua kilikotoka. Mjinga anaandika kwa woga. Mwenye kichwa anasema imo.

Haya, stesheni ile pale. Nilisema nitafika.

Ulipoomba chuo hukuwa na simu, ukaweka namba yangu. Shomari ndiye aliyekuingizia maombi pale kwake. Majina yalipotoka ulikuwa umechaguliwa vyuo viwili, mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani akaja na ndoo akidhani pameungua. Ilibidi uthibitishe kimoja, kwa namba maalumu itakayokuja kwa meseji kwenye simu yangu, na ukichelewa nafasi anapewa mwingine. Ukaniambia asubuhi nikitoa bajaji: "Baba, ikija tu, uniletee siku hiyo hiyo." Nikagonga kipaji changu kwa kidole. Nikasema imo.

Kila jioni uliuliza, nikasema haijaja, na ilikuwa haijaja kweli. Kisha ukaenda Ipole kumsaidia bibi yako kuvuna asali, ukaacha umeniagiza tena, na mama yako ukamwambia anikumbushe, nami nikamwambia mama yako asinivunjie heshima.

Uliporudi siku za kuthibitisha zilikuwa zimepita. Mlikwenda na mama yako kwa Shomari kutazama, nafasi haikuwepo. Nilikukuta umekaa kwenye ngazi ya jikoni na karatasi magotini. Ulikuwa umeandika namba yangu ya simu mara nyingi, kutoka juu mpaka chini, unaitazama. Hukuwa unalia. Ukaninyooshea karatasi ukasema, "Baba, saba yangu inafanana na moja. Labda walisoma moja."

Nikaitazama saba yako.

"Labda," nikasema.

Hilo neno moja tu, Kabula. Tangu siku ile saba zako zimevaa mshipi. Tangu siku ile ukiandika namba unaisoma kwa sauti, halafu unamwomba mtu mwingine aisome, halafu unaisoma tena. Mwaka mzima nimekuona hivyo. Ulipopata nafasi nyingine mwaka huu hukufurahi kwanza, uliomba kuona karatasi. Hata tiketi ya kesho umenipa niisome mimi, ukiwa umeshaisoma. Na mimi nikaisoma, nikakutania kwamba umeanza kuzeeka macho. Mwizi anayemtania aliyemwibia.

Kwa sababu meseji ilikuja.

Ilikuja ukiwa Ipole. Nilikuwa na abiria wa Cheyo na gunia lao la mchele, tumesimama ng'ombe wavuke barabara. Simu ikalia kifuani, nikaitoa, nikaisoma, nikaona ni yenyewe. Nikajisemea jioni nitampigia bibi yake nimpe. Ng'ombe wakaisha, nikawasha, nikaenda. Kingehitajika kidole kimoja tu, hapo hapo ng'ombe wanapita, na nilikuwa na vidole vyote. Jioni kulikuwa na mpira. Kesho yake kulikuwa na kesho yake.

Na bado nilipewa nafasi ya pili. Siku ya mwisho kabisa nilipita mbele ya steshenari nimejaza abiria, Shomari akatoka mpaka barabarani, akapaza sauti kama kawaida yake: "Mnyamwezi, umethibitisha? Leo ndiyo mwisho, au unataka binti abaki akufundishe kusoma?" Abiria wakaangua kicheko. Mimi nikajibu kwamba akasome yeye kwanza, namna ya kufua kanzu. Kicheko kikawa changu. Nikaongeza moto. Neno la mtani halibebwi, nikaliacha pale barabarani lilipoanguka, na mwaka wako ulikuwa ndani yake. Yeye alichagua utani ili asiniumbue mbele ya watu. Mimi nikasikia utani tu.

Baada ya ninyi kutoka kwake siku ile, Shomari alikuja kijiweni. Aliniita pembeni kwa jina langu, ambalo sikujua kama analijua. Akasema, "Namba niliiingiza mimi, Masanja. Niliipiga palepale kuihakiki, ukapokea wewe mwenyewe. Hili halina utani." Kisha akanirudisha kwenye kibenchi chake na kunifungia lile fundo. Hajakuambia kwa sababu alisema ni la kwangu kusema. Kila nilipopita mwaka huu alinitania kama zamani, ila akimaliza ananitazama kidogo. Leo asubuhi alinitazama muda mrefu.

Meseji niliifuta jioni ile ile ya ngazi ya jikoni, ukiwa ndani. Maneno mekundu nyuma ya bajaji niliyabandua wiki iliyofuata kwa kisu na maji ya moto. Ulipouliza, nikasema jua limeyala.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya mfuko wa chupa ya asali utakayobeba, uikute umeshavuka Urambo, mimi nikiwa mbali. Ni mpango wa mtu mwenye akili sana, yaani mimi. Nimeukataa. Nitakupa mkononi stesheni, kabla hujapanda, na nitasimama hapo mpaka umalize. Mama yako nitamwambia leo hii, akitoka kuulizia ubao wake. Ukitaka kunisema, niseme mbele ya watu. Ukitaka kupanda bila kuniaga, panda, begi nitakupitishia dirishani. Neno hilo fundo lina maana nyingine unayoijua, lile la moyoni. Ukiwa nalo juu yangu ni halali yako, na sikuombi ulifungue kesho wala mwakani. Nilitafuta namna ya kulifungua mimi, nikaona haliko kwenye kanga yangu.

Ninachokuomba ni hizo saba. Zivue mshipi. Kule unakokwenda utapima dawa za watu, na mkono unaojishuku utatetemeka mahali pasipotakiwa. Kidude weka au usiweke, simu ni yako na sura ni yako. Kwenye simu yangu fundo la kwanza kabisa nililopiga bado lipo juu ya ukurasa, kila jioni nalifikia, nalipita, nafungua mengine. Limeandikwa "Mwambie Kabula." Kesho ukimaliza kusoma nitalifuta ukiniona.

Hukukosea. Namba uliiandika sawa, kila tarakimu, na saba yako ilikuwa saba.

Ni mimi baba yako, mwenye ile namba.